Katuni inamfundisha nini mwanao? Mwongozo kamili kwa wazazi wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitano alimpiga mdogo wake kichwani kwa mwiko wa ugali, kisha akachuchumaa pembeni akasubiri. Mdogo wake analia, uvimbe umeanza kutokeza juu ya jicho, na kaka mtu ananitazama kwa mshangao wa kweli: "Mama, mbona hainuki?" Asubuhi ile walikuwa wametazama Tom and Jerry. Paka alipigwa kikaango akawa bapa kama chapati, na kufumba na kufumbua akasimama akaendelea kumkimbiza panya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la awali hapa Mwanza, na nilikuwa nimewaambia wazazi wengi kwamba katuni hazina neno, ni za watoto. Tangu siku ile nimekuwa nakaa chini kuzitazama mwenyewe, moja baada ya nyingine, nikiwa na watoto wangu na watoto wa darasani. Nimejifunza jambo moja, na hatua zote zilizo hapa chini zimetokana nalo: mtoto mdogo hachukui funzo linalotamkwa mwishoni mwa katuni. Anachukua kinachorudiwa, kinachochekesha na kinachomfanya mhusika ashinde. Sisi wakubwa tunasikia sentensi ya mwisho, "na hivyo wakawa marafiki," tunaridhika. Mtoto amebaki na zile dakika zote za kabla yake.

Mwongozo huu ni kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu hadi minane hivi. Huhitaji kuwa mwalimu. Unahitaji daftari, jioni tatu au nne, na moyo wa kutazama mambo ambayo kwa kawaida unayaacha yapite.

Hatua ya 1: Jua anatazama nini na wapi

Kwa wiki moja usikataze wala usibadilishe chochote. Andika tu. Jina la katuni kama unalijua, na kama hulijui andika "ile ya mbwa wa buluu". Andika saa, na andika yuko kwa nani. Wazazi wengi huandika televisheni ya sebuleni peke yake, halafu wakiulizauliza wanakuta mtoto anatazama zaidi kwenye simu ya dada wa kazi anapolishwa, kwa jirani mwenye king'amuzi chenye chaneli nyingi, kwenye flashi aliyojaziwa baba mjini pamoja na filamu za wakubwa, na kwenye kibanda umiza Jumamosi asubuhi kabla mechi hazijaanza, ambako sarafu moja inamuingiza ndani na hakuna anayeuliza umri. Hayo yote yaingie kwenye daftari. Kile usichokijua ndicho kinachofundisha bila wewe kuwepo.

Hatua ya 2: Tazama kipindi kizima, kwanza bila sauti

Hii ndiyo hatua kubwa, na nakuomba usiiruke. Chagua katuni anayoipenda kuliko zote. Zima sauti, tazama mwanzo hadi mwisho. Kisha rudia ukiwa umewasha.

Bila sauti kwa sababu maneno yanabeba kile mwandishi wa katuni alitaka kusema, na picha zinabeba kile mtoto anachokiona. Halafu kuna jambo letu wenyewe: mtoto wa Buhongwa mwenye miaka minne, anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kisukuma kwa bibi, akitazama katuni ya Kiingereza au Kihindi, kila siku anaitazama kama imezimwa sauti. Mhusika anaweza kusema "samahani" mara kumi. Asipoonekana akiinamisha kichwa, akirudisha kitu au akimfuta mwenzake machozi, mtoto huyo hajaona msamaha wowote.

Ukiwa umeshika kalamu, angalia kwanza nani anashinda, na anashinda kwa njia gani. Kwa ngumi? Kwa hila? Kwa kuomba msaada? Kwa kujaribu mara ya nne baada ya kushindwa mara tatu? Njia ya ushindi ndiyo funzo la kwanza la katuni yoyote. Kisha angalia kinachochekesha. Kicheko ni muhuri. Kama watoto wote chumbani wanacheka mtu anapoanguka, anapojamba au anapoitwa bonge, basi wamefundishwa pamoja kwamba hayo ni ya kuchekwa. Angalia pia mtu akiumia kinafuata nini. Katika katuni nyingi hakifuati chochote: hakuna damu wala bandeji, na hakuna anayekuja kupatana wala kutengeneza kilichovunjika.

Halafu hesabu dakika. Chukua katuni ya dakika 11 yenye hadithi ya watoto wanaomtenga mwenzao kisha wanapatana. Mara nyingi utakuta dakika tisa ni za kutenga, kunong'ona na kubezana, na moja na kitu ni ya kupatana. Nia ni njema kabisa. Lakini mtoto ameoneshwa kwa urefu jinsi ya kumtenga mtu, hatua kwa hatua, na amepewa muhtasari wa jinsi ya kupatana. Darasani nimeona watoto wakiigiza ile sehemu ya kwanza kwa ufundi mkubwa, na ya pili hawana hata maneno yake.

Swali la mwisho la hatua hii ndilo linaloniuma zaidi: mtu mbaya anafananaje? Mwaka 1998 watafiti Julia Dobrow na Calvin Gidney walichunguza katuni za watoto za Marekani na kukuta kwamba wahusika wabaya mara kwa mara wanapewa lafudhi ya kigeni. Mtoto anajifunza kumtambua mbaya kwa sauti yake kabla hajafanya ubaya wowote. Kwa macho ni vilevile: mbaya ana kovu, ana kibiongo, ana jicho moja, ni mnene, ni mzee. Na mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

Hapo naomba mzazi mwenzangu wa Kanda ya Ziwa usimame kidogo. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yalitajwa kama ushahidi, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi katika miaka ya kuwapikia watoto na wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa imani ambazo nazo zilianza kwa kumtazama mtu na kusema "huyu si kama sisi". Katuni ya kigeni haikuandikwa kwa nia hiyo na waliochora hawatujui. Lakini picha ya bibi mwenye macho mekundu ikiingia kwenye kichwa cha mtoto wa Magu au Sengerema inakuta mahali palipokwisha kuandaliwa. Mimi nikiiona naisimamisha palepale, namwambia mwanangu: "Bibi yako ana macho kama haya. Unajua ni kwa nini?" Kisha namweleza habari ya moshi.

Hatua ya 3: Mwambie akusimulie

Usimuulize "umejifunza nini?" Atakujibu anachodhani unataka kusikia, au atanyamaza. Mpe vitu vya kushika, vifuniko vya chupa au punje za mahindi, umwambie: huyu ndiye fulani, huyu ndiye fulani, nioneshe ilivyokuwa. Kisha nyamaza wewe.

Watafiti wawili wa Marekani, Marie-Louise Mares na Emily Acosta, walichapisha mwaka 2008 utafiti ambao nausimulia kwa kila mzazi anayenipa nafasi. Waliwaonesha watoto wa chekechea kipindi cha katuni ya Clifford chenye mbwa mwenye miguu mitatu. Mbwa wengine wanamwogopa mwenzao huyo mlemavu kabla hawajamzoea na kumpenda, na funzo kwa mtu mzima liko wazi kama jua la mchana: usimbague mtu kwa ulemavu wake. Walipowauliza watoto, wengi hawakulipata funzo hilo. Waliona kipindi kinahusu mbwa, kwamba inafaa kuwa mwema kwa mbwa wa miguu mitatu. Kuvuka kutoka kwa mbwa hadi kwa mtoto mwenzao anayetembelea magongo pale shuleni hakukutokea kwenyewe.

Jambo hilo lilinifumbua macho. Tuna mazoea ya kuamini kwamba mnyama anayeongea anamkaribia mtoto zaidi. Anamkaribia moyoni, ni kweli, lakini funzo linabaki kwa mnyama. Kwa hiyo mtoto anapokusimulia, sikiliza amebaki na nini hasa. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Mwanangu wa pili baada ya kutazama kipindi kizima cha kushirikiana alisema: "Kulikuwa na keki, wakagombana, yule mkubwa akala." Nilikuwa nimekaa pale pale na nilidhani tumetazama kitu kimoja.

Hatua ya 4: Ongea katikati, usingoje mwisho

Daraja ambalo mtoto hawezi kulijenga peke yake, unamjengea wewe kwa sentensi fupi wakati picha ingali inacheza. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu katuni ya Daniel Tiger, ambayo imetengenezwa mahsusi kufundisha hisia na tabia njema. Watoto walioitazama walionesha kuwahurumia wenzao zaidi pale tu wazazi wao walipokuwa na kawaida ya kuzungumza nao kuhusu wanayotazama. Katuni nzuri kabisa, peke yake, haikutosha.

Si hotuba. Mtoto akisikia hotuba anahama chumba. Mimi ninatumia maneno kama haya:

"Lo, hilo limeuma." Basi. Yatosha wakati mtu amepigwa na kila mtu anacheka.

"Anajisikiaje sasa hivi? Tazama uso wake." Hili ni la kumfundisha kusoma sura, na watoto wa miaka minne wanaliweza.

"Kama ingekuwa hapa kwetu, ingekuwaje?" Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na linafanya kazi hata kwa katuni za ovyo. Baada ya wiki kama tatu za kuliuliza, kaka mtu yule wa mwiko alimwona paka amegongwa na tofali akasema mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo, "Huyu angepelekwa Hospitali ya Bugando."

"Unamkumbuka nani?" Hili ni la kuvusha funzo kutoka kwa mbwa hadi kwa mtu. Kama hamkumbuki yeyote, mkumbushe wewe: yule rafiki yako wa darasani mwenye kigugumizi, wanamcheka?

Huna muda wa kukaa naye kila siku, najua. Mama anayeamka saa kumi kwenda mwalo wa Kirumba kuchukua dagaa hawezi kukaa sebuleni saa nzima. Kaa naye dakika 15 mara mbili kwa wiki, kwa katuni ileile. Watoto hutazama kipindi kilekile mara ishirini, kwa hiyo neno ulilolisema mara ya kwanza atalirudia mwenyewe mara zinazofuata.

Hatua ya 5: Pima kila katuni kwa maji ya ziwa

Kipo kipindi cha Peppa Pig ambamo mtoto anaambiwa buibui ni mdogo sana, hawezi kumdhuru. Huko Uingereza kilikotengenezwa ni kweli, na ni funzo jema la kutoogopa wadudu. Australia, nchi yenye buibui wenye sumu kali, shirika la utangazaji la ABC lilikiondoa hewani. Ujumbe ulikuwa sahihi mahali pamoja na wa hatari mahali pengine.

Sisi tunaoishi na ziwa tuna buibui wetu. Kaa na daftari lako, jiulize katuni anazotazama zinasema nini kuhusu mambo haya.

Kiboko. Katika katuni ni mnene, mpole, mchekeshaji, anacheza dansi. Hapa ni mnyama anayeweza kuzidi kilo 1,500, anayetoka majini usiku kula nyasi kandokando ya mashamba yetu, anayeweza kukimbia kilomita 30 kwa saa na anayeua akikukuta umesimama kati yake na maji. Mtoto mmoja wa darasani kwangu, aliyehamia Mwanza kutoka Dodoma, aliniambia akimwona kiboko atampa majani. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameoneshwa hivyo tangu akiwa na miaka miwili. Mwambie mwanao kwa maneno haya: "Wa katuni anacheza. Wa ziwani tunamwangalia kwa mbali, na jioni hatuendi majini." Mamba vilevile.

Maji yenyewe. Kwenye katuni mtoto anaruka ndani ya maji, mapovu yanapanda, anaibuka anacheka. Mtoto anayezama kweli mara nyingi hazami kwa kelele, anapotea kimya. Halafu kuna kichocho, ambacho katuni haitakitaja kamwe: vimelea vinavyoishi kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale watoto wanapopenda kuchezea, na vinavyopenya kwenye ngozi bila kidonda. Mhusika anapojitosa bwawani namwambia mwanangu: "Bwawa lao limesafishwa. Letu lina konokono." Sentensi hiyo tumeirudia hadi sasa anaitangulia.

Mtumbwi na boti. Wahusika husafiri bila jaketi okozi, na boti ikijaa wanacheka inavyoyumba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 walikufa. Familia nyingi za Ukerewe na Mwanza hazijasahau. Boti iliyojaa si ya kuchekwa mbele ya watoto wetu, na mzazi ana haki ya kusema hivyo hata kama katuni nzima ni nzuri.

Mbwa asiyemjua. Katuni zimejaa mbwa wa kukumbatia. Mtaani kwetu mbwa wengi hawajachanjwa, na kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mfundishe asimguse mbwa asiye wake, na akiumwa au kukwaruzwa aseme siku hiyo hiyo ili jeraha lioshwe kwa maji na sabuni na apelekwe hospitali kuchanjwa. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa.

Kama una uwezo, mpeleke Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane siku moja. Boti inaondokea Capri Point, ni mwendo mfupi. Mtoto aliyewaona swala na pimbi wakifanya mambo yao bila kumjali anaelewa tofauti kati ya mnyama na mchoro kuliko kwa maelezo yoyote nitakayoandika hapa.

Hatua ya 6: Weka hadithi ya kwetu kando ya katuni

Sizungumzi kwa kuipenda jana. Nina sababu ya kikazi. Hadithi zetu zina kitu ambacho katuni nyingi zimekosa, na mtoto akivisikia vyote viwili katika wiki moja analiona pengo mwenyewe.

Chukua hadithi ya Kisukuma ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yao. Anabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, anajifungua mvulana, na mvulana anakua akiuliza watu wako wapi. Kila siku anarudi na kiumbe alichokiua, panzi, kisha ndege, kisha mnyama mkubwa zaidi: "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Hapana mwanangu, bado. Mwishowe analiua zimwi na kulipasua tumbo, na watu wanatoka wazima.

Katuni ingeishia hapo, kwa muziki. Hadithi inaendelea. Katika kupasua, Masala Kulangwa amemkata sikio bibi kizee mmoja kwa bahati mbaya. Bibi anakasirika, anataka kulipiza. Shujaa aliyeokoa ulimwengu mzima hasemi "lakini nimekuokoa". Anatafuta dawa na kuliponya sikio.

Linganisha na katuni za mashujaa ambamo nusu ya jiji inabomoka na hakuna anayeuliza nani atajenga. Baada ya kuwasimulia wanangu hadithi ile, mkubwa alianza kuuliza kwenye kila katuni: "Na wale wenye nyumba?" Kama una mzee anayezijua hadithi hizi, mkalishe na wajukuu. Kama huna, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yako karibu na mjini, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nisieleweke kwamba katuni zote ni za kigeni au zote zina kasoro. Ubongo Kids ilianza kuoneshwa TBC1 mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, na watoto wake wanatatua matatizo kwa kuhesabu na kufikiri. Akili and Me ya watengenezaji haohao ni ya watoto wadogo zaidi: Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia kwenye nchi ya ndoto anakojifunza na marafiki wanyama. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018 ulikuta watoto walioitazama walifanya vizuri zaidi katika kuhesabu na kutambua tarakimu na maumbo kuliko waliotazama katuni nyingine. Naipenda pia kwa sababu isiyopimwa na mtihani: mtoto wetu anamwona msichana mwenye ngozi na nywele kama zake akiwa yeye ndiye mwenye hadithi. Bado nakaa naye. Bado namwambia kuhusu kiboko.

Hatua ya 7: Kasi na muda

Hapa nitapita haraka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwagawa watoto 60 wa miaka minne: wengine walitazama SpongeBob, katuni ya kasi kubwa, wengine katuni ya polepole, wengine wakachora. Dakika tisa tu. Waliotazama ya kasi walifanya vibaya zaidi katika kazi za kufikiri na kujizuia zilizofuata mara moja. Kwa hiyo usimpe mtoto katuni ya mbio kabla ya shule, kabla ya kazi za nyumbani, wala kabla ya kulala. Njia rahisi ya kupima kasi: hesabu kimya kimya moja, mbili, tatu, kama picha inabadilika kabla hujafika tatu kwa dakika nzima, hiyo ni ya kasi.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Kwenye simu zima ile sehemu ya video kujicheza zenyewe moja baada ya nyingine, na pakua mapema vipindi ulivyovitazama wewe. Mwaka 2017 YouTube ililazimika kufuta chaneli zilizokuwa zinatumia sura za wahusika maarufu wa katuni kuonesha mambo ya kutisha na machafu. Picha ya mbele ilikuwa ya katuni ileile anayoijua mtoto. Kupakua kunaokoa na bando.

Hatua ya 8: Zungumza na wanaomshika mtoto

Haya yote hayafiki mbali kama ni wewe peke yako. Dada wa kazi anampa simu kwa sababu ana vyombo, nguo na mtoto anayelia. Usimwendee kwa lawama. Mwambie: "Dada, nimekuwekea vipindi vitano hapa. Akila, umpe hivi tu. Akikusimulia kitu cha ajabu uniambie." Mfundishe lile swali la "ingekuwa hapa kwetu". Dada wangu alilishika kuliko mimi.

Kwa bibi, anza na shikamoo na umwombe hadithi badala ya kumkataza televisheni. "Mama, watoto wanataka ile ya Shing'weng'we." Bibi aliyeombwa hadithi huzima televisheni mwenyewe.

Kwa mwenye kibanda umiza inahitaji wazazi zaidi ya mmoja. Mtaani kwetu tulikwenda wanne, jioni, kabla ya wateja. Tulimsalimia, tukamwambia watoto wetu wanakaa kwake, na hatukuja kumfungia biashara. Tulimwomba mambo mawili: Jumamosi asubuhi aweke katuni pekee, na wa chini ya miaka kumi watoke kabla filamu za mapigano hazijaanza. Alikubali la kwanza papo hapo. La pili lilichukua miezi, na lilikubalika baada ya mmoja wetu kuanza kwenda kuwachukua watoto mwenyewe saa nne.

Hatua ya 9: Tabia ikishaingia

Mtoto akiiga kitu kibaya, usianze kwa kuuliza "nani amekufundisha?" Unajua nani. Mwaka 1963 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alionesha kwamba watoto wadogo waliotazama filamu ya mtu akilipiga sanamu kubwa la kuchezea walilipiga vilevile, na waliotazama mhusika aliyevaa kama paka wa katuni nao waliiga. Kuiga ni kazi ya mtoto. Adhabu inamfundisha kuficha, na aliyeficha huwezi kuzungumza naye.

Mrudishe kwenye picha. Tazameni tena kile kipande pamoja, ukisimamisha pale anapoumia mtu. Mwambie kilichoachwa: hapa angelia, hapa angevimba, hapa mama yake angeogopa. Kisha mpe kazi ya kutengeneza, iwe ya mikono. Maneno ya samahani ni mepesi sana kwa mtoto wa miaka mitano.

Siku ile ya mwiko nilimpa kaka mtu kitambaa na maji baridi, nikamwonesha jinsi ya kumkanda mdogo wake juu ya jicho, polepole, bila kukandamiza. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Kazi hiyo ilikuwa yake asubuhi na jioni, na mimi sikuigusa. Siku ya nne alinifuata jikoni akiwa bado ameshika kitambaa, akaniambia nije kuangalia, uvimbe umeisha.